Rubugo Ndani ya Gitaa la Mjomba

Jumapili, katikati ya Novemba. Kahororo, Bukoba.

Rasharasha tangu alfajiri, halafu jua la saa moja hivi, halafu rasharasha tena. Leo sikwenda ibadani. Vidole vyangu vinanuka nta ya nyuki na moshi wa kuni. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya mche na harufu haitoki, na mimi sina haraka nayo.

Nimefurahi. Naandika hivyo wazi mwanzoni kwa sababu huko mbele nina ungamo, na sitaki mtu aanze kunihurumia.

Wanaonisoma humu wananijua kwa malalamiko. Ampilifaya za kwaya zilizomwagiwa soda, spika zilizopasuka kwa sababu mtu alitaka Mungu amsikie kabla ya jirani. Nina kibanda cha ufundi pale kata ya Bakoba, mwaka wa kumi na nane sasa, na bado kuna wateja wanaoingia, wananiona mwanamke nimeshika chuma cha kulehemu, halafu wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Huwa nawajibu ametoka kidogo. Kisha natengeneza redio yao mbele ya macho yao bila kusema neno. Ndivyo nilivyo. Nina kiburi cha kazi, na mwaka huu kiburi hicho kimeniponza.

Habari yenyewe inamhusu Mjomba Deo, kaka yake mama yangu. Anaishi Buganguzi, kule Muleba, katika kibanja chake cha migomba na kahawa. Ujanani alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi iliyozunguka huku Kanda ya Ziwa. Bendi ilikufa, wenzake wakatawanyika, yeye akabaki na gitaa lake la umeme. Ni la Kijapani, jembamba, rangi yake ya chungwa imeparara, na jina la kiwanda lilifutika kichwani zamani sana. Lina pikapu mbili, zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi, na vidude vinne vya kuzungusha, na kimojawapo ni kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi.

Nililelewa na sauti ya gitaa hilo kila likizo. Jioni, akitoka shambani, ananawa miguu, analichomeka kwenye ampilifaya yake ndogo, anapiga. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikukwaruza. Kila noti ilianza kwa kugonga, kama kijiko kwenye bilauri, halafu ikatulia na kuwa laini. Mke wake, Ma Yustina, alikuwa akimenya ndizi kwa mwendo wa wimbo bila kujijua. Mimi nadhani niliingia ufundi kwa sababu ya sauti ile. Nilitaka kujua ilikuwa inakaa wapi.

Pasaka iliyopita Mjomba alikuja nalo mjini. Akaniambia, "Koku, nikizungusha volyumu linakwaruza. Hebu liangalie."

Basi. Hakuniambia jambo jingine lolote.

Kukwaruza kwa volyumu ni vumbi tu. Unapuliza dawa ya kusafishia, unazungusha huku na huko mara ishirini, unamaliza kabla chai haijapoa. Lakini mimi? Mimi nikataka kumfanyia mjomba wangu mambo makubwa. Nikapima pikapu zake kwa mita, nikaona dhaifu, nikamwonea huruma. Nikaagiza Kampala pikapu mbili mpya, kali, za kisasa. Nikabadilisha na vidhibiti vya volyumu, nikabadilisha na kapasita, nikabadilisha na nyaya zote. Kifuniko cha dawa ya kikohozi nacho nikakiondoa. Nilipanga kumshangaza, na nikamshangaza kweli.

Sasa ungamo.

Nilipoifungua pikapu ile ya nyuma, iliyo karibu na daraja la nyuzi, chini yake nilikuta kitu. Kilikuwa kipande cha rubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mtoma ambacho babu zetu walikivaa na kuzikiwa nacho. Kimekunjwa, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, cheusi, kigumu, kinanuka moshi.

Jamani, ningefikiri nini? Mtu aliyekulia huku anajua. Kitu kilichokunjwa, kikafungwa, kikafichwa mahali pa giza, hakizungumzwi mezani. Na hadithi za wanamuziki wa zamani na waganga wao nani hajazisikia? Bendi hii imeifunga ile isipate watu, mpiga solo fulani amechanjwa vidole. Nikasema moyoni, kumbe hata Mjomba Deo, mtu wa rozari na misa ya kwanza! Niliona aibu kwa niaba yake. Mimi ni Mlutheri kwa upande wa baba, naimba sauti ya pili kwaya kuu, nisingeweza kukiacha kitu kile mezani pangu.

Nilikishika kwa koleo, siyo kwa mkono. Nikakipeleka nyuma ya kibanda, nikakimwagia mafuta ya taa, nikakichoma. Nikasali Baba Yetu yote, kuanzia mwanzo hadi amina.

Kiliwaka vizuri mno, kwa moto mtulivu wa njano, kama mshumaa. Mtu mwenye akili angejiuliza pale pale, hirizi gani inawaka kama mshumaa? Sikujiuliza. Nilirudi ndani, nikakuta pikapu yenyewe nayo ina utando wa manjano, nikausugua kwa petroli mpaka ikang'aa. Uchafu wa miaka, nilisema.

Sikumwambia Mjomba. Ningeanzaje? Humwulizi kaka wa mama yako jambo kama lile. Niliona nimemtunzia heshima.

Alipolipokea alilichomeka, akapiga wimbo mmoja, akaishia katikati. Akautazama mkono wake wa kushoto. Kisha akasema, "Wakola, mwana wange," yaani asante, mwanangu. "Limepata nguvu." Akalifunika kwa shuka, akalitundika ukutani. Mimi nikarudi mjini natabasamu njia nzima. Lo!

Wiki tatu zilizopita akanipigia simu Ma Yustina. Huyu mama hapigi simu kusalimia. Alianza hivi, "Koku, umeniletea mgeni nyumbani kwangu." Nikadhani kuna mtu ametumia jina langu. Akaniambia mgeni ni lile gitaa. Tangu Pasaka mzee amelipiga mara mbili, na mara zote mbili yeye akiwa jikoni alihisi kuna mtu asiyemjua amekaa sebuleni. Tangu hapo mzee hajaligusa kabisa. Akitoka shambani anakaa tu, anatazama migomba.

Na Jumamosi ya kwanza ya Desemba wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kutakuwa na misa ya shukrani, halafu chakula nyumbani. Upo wimbo ambao Mjomba aliupiga siku alipokwenda kujitambulisha kwao Ma Yustina, na kila mwaka siku ya ndoa yao humpigia. Mwaka huu ametangaza hapigi. Ameagiza watu wa kinanda.

"Mimi sikuolewa na kinanda," alisema Ma Yustina.

Nilikuwa mkali, nakiri. Nilimweleza kwamba pikapu mpya ni bora kuliko zile, nikamtajia hadi vipimo. Alinisikiliza mpaka nikaisha pumzi. Akasema, "Vipimo sivijui, waitu. Masikio ninayo." Akakata.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kufikiri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu Pasaka.

Wasomaji wangu wasio mafundi wanivumilie hapa. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, raundi nyingi sana. Uzi wa gitaa ni chuma. Ukicheza juu ya sumaku unaitikisa nguvu yake ya mvuto, na mtikisiko huo unazaa umeme kidogo ndani ya waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye ampilifaya. Ukizidisha raundi za waya, sauti inakuwa kubwa na nene, lakini ile ncha ya juu, ule mgongano wa kijiko na bilauri, inamezwa. Pikapu za Mjomba zilikuwa na raundi chache na sumaku iliyochoka kidogo kwa umri. Mita yangu iliuita huo udhaifu, kumbe ndiyo ilikuwa sauti yake. Nilimpokonya mtu sauti yake nikampa ya mwingine, tena nikamtaka anishukuru.

Nililifuata gitaa Buganguzi, nikasema nalipeleka kuliangalia tena. Mjomba hakuuliza kitu. Alinishushia ukutani, akanipa. Heshima zetu hizi bwana!

Bahati nzuri mimi situpi vitu. Vipuri vyote vya zamani vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Nilirudisha pikapu zake kwanza, nikachomeka, nikapiga. Sauti ikatoka kali, ya kuchoma sikio. Nilikuna kichwa asubuhi nzima, kisha nikakumbuka vile vidhibiti vya volyumu. Watu hudhani kidhibiti ni kama bomba, ama umefungua ama umefunga. Hapana. Hata ukikifungua hadi mwisho, kinaendelea kuchuja. Vile vya zamani vilikuwa na ukinzani mdogo, vikivujisha ukali kidogo kidogo kwenda chini. Vile vyangu vipya vilikuwa na ukinzani maradufu, kwa hiyo ukali wote ulipita. Nikarudisha vya zamani. Nikavipuliza dawa, nikavizungusha mara ishirini, kukwaruza kukaisha. Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa tangu mwanzo.

Kapasita nayo nikairudisha. Kuna watu mtandaoni wanagombana hadi kutukanana kuhusu kapasita za zamani, za karatasi na mafuta, kama vile ni divai. Mimi naona kilicho muhimu ni kipimo chake tu, na kinasikika pale unapopunguza kidude cha toni. Lakini nilipoipima ya Mjomba nilikuta imehama mbali na kilichoandikwa juu yake. Yeye toni huiweka nusu, siku zote. Kwa hiyo kuhama kule nako kulikuwa ndani ya sauti niliyokua nayo. Nikarudisha hadi kifuniko cha dawa ya kikohozi, ingawa hicho hakina kazi yoyote ya umeme. Nilikuwa nimejifunza adabu.

Nikapiga. Na ile sauti ikatoka. Nilipiga kelele mpaka muuza vitenge wa jirani akachungulia.

Furaha haikumaliza dakika moja. Nilipopandisha ampilifaya kidogo, kama mtu anavyofanya kwenye sherehe, pikapu ya nyuma ikapiga mluzi mmoja mrefu, mkali, usiokoma. Nikapunguza, ukakoma. Nikapandisha, ukarudi. Na zile nyuzi mbili nyembamba, ambazo mpiga solo anaishi nazo, zilikuwa zinasikika kwa mbali kama zinamsengenya mtu. Nilijaribu sponji ya godoro chini ya pikapu. Nikajaribu raba ya ndala. Mluzi ule ule.

Nilijua. Tangu mluzi wa kwanza nilijua kilichokosekana ni nini, maana kitu pekee ambacho hakikuwemo kwenye kopo langu kilikuwa ni kile nilichokichoma. Maji yakimwagika hayazoleki, na majivu je?

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nilitafuta uongo unaofaa. Nikasema ningeweza kumwambia panya walikula. Nikasema ningeweza kumshauri apige polepole tu, sherehe yenyewe ni ya wazee. Jana nikamaliza uongo wote.

Leo asubuhi nikabeba gitaa na sanduku langu la vifaa, nikaenda Muleba.

Niliwakuta wametoka misa. Mjomba alikuwa kibarazani bado na koti lake la Jumapili, Ma Yustina ameshavaa kitenge cha kazi na beseni la ndizi liko mbele yake. Nikasalimia, nikaitikiwa, nikapewa kiti. Ma Yustina akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile mbegu zilizopikwa na majani yake ya harufu. Mgeni yeyote huku huanza na hiyo. Lakini mama yangu alinifundisha kwamba kahawa ya mtu haitafunwi ukiwa umemficha neno moyoni. Kikapu kilifika mbele yangu, mkono ukakataa kwenda.

Nikasema, "Mjomba, kabla sijatafuna. Ndani ya gitaa nilikuta rubugo. Nilidhani ni ya mganga. Niliichoma."

Kuku walikuwa wanaparura chini ya mibuni. Ma Yustina alidondosha kisu ndani ya beseni, akajiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kumtikisika. Mjomba hakucheka.

Akauliza, "Kwa hiyo haikuwemo?"

"Haikuwemo."

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka, Mjomba."

Akainua mkono wake wa kushoto, akautazama kama alivyoutazama siku ile. Akasema taratibu, "Nilidhani ni mimi."

Nilishindwa kumwangalia. Akaeleza, na hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema, "Wewe ndiye umesomea, umelifungua, umelifunga, ukasema limepona. Mimi ni nani niseme bado? Nikaona basi, masikio yamezeeka. Vidole vimekufa. Mtu akifika umri huu anaanza kuagwa na kitu kimoja kimoja, nikafikiri sasa imefika zamu ya gitaa."

Miezi yote hii! Mzee wa watu amekaa anatazama migomba, anajiaga mwenyewe, kwa sababu mpwa wake hakutaka kuuliza swali moja. Na yeye hakutaka kuniuliza mimi. Tumeheshimiana mpaka tumeumizana. Nililia, siwafichi. Nililia na kamasi.

Hapo ndipo yeye alipoanza kucheka. "Na ulisali?" Nikamwambia nilisali Baba Yetu nzima. Akacheka mpaka akakohoa, akampiga mke wake pajani, "Umesikia? Rubugo yangu imefanyiwa maziko ya Kilutheri!"

Kisha akanieleza. Gitaa lile lilikuwa na mluzi tangu likiwa jipya. Wenzake kwenye bendi walikuwa wakisema gitaa la Deo limemeza paka. Siku moja alikuja nyumbani kupumzika, akamlalamikia baba yake, yaani babu yangu, aliyekuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Babu hakujua umeme. Lakini alikuwa akiziba nyufa za mizinga yake kwa vipande vya rubugo vilivyolowekwa kwenye nta, na alijua kwamba mzinga ukizibwa hivyo hautetemi hata upepo ukivuma. Alisema kitu kinacholia bila kupigwa kina ufa mahali, kizibe. Wakaichovya pikapu kwenye nta ya vuguvugu pamoja na kitambaa chake, wakaikalisha. Paka akanyamaza. Upande wa nyuzi nyembamba wakakunja mara mbili, pikapu ikapanda, ikazisogelea, nazo zikasikika.

Nta inaingia katikati ya raundi za waya, inazishika zisitikisike zenyewe. Kitambaa kinaishika pikapu isitetemeke na mbao. Urefu wa pikapu unapanga nani asikike zaidi. Hayo yote mimi nilifundishwa chuoni kwa michoro. Babu aliyapata kwenye mzinga, na mimi nikayachoma kwa mafuta ya taa.

Nta ilikuwepo, Mjomba bado ana mizinga miwili. Rubugo ndiyo haikuwepo. Waliokuwa wakiponda magome pale kijijini wameisha, na mtoma wa babu ulikatwa. Tulikuwa tunaulizana nani anaweza kuwa nayo, Ma Yustina akainuka, akaingia ndani. Tulisikia sanduku likifunguliwa. Akarudi na rubugo nzima, kubwa, nyekundu kama udongo, imekunjwa vizuri na haijawahi kutumika. Alipewa na mama mkwe wake, azikiwe nayo.

Mjomba akasema hapana. Nami nikasema hapana. Akatuuliza kama tumemaliza. Akachukua mkasi wa kushonea, akakata kona, kipande cha ukubwa wa kiganja.

"Nitakapolala huko," alisema, "kona hii haitaniletea baridi. Lakini Desemba nipo hai, na ninataka wimbo wangu."

Tuliyeyusha nta jikoni, sufuria ndani ya sufuria ya maji, maana nta ikichemka moja kwa moja inapinda plastiki ya pikapu na hapo ndipo mwisho wa hadithi. Nimefungua mashine za thamani kuliko nyumba yangu bila kumwuliza mtu, lakini hapa nilingoja kuambiwa. Mjomba aliinama juu ya sufuria, anapima joto kwa kidole kidogo, ananiambia bado, bado, sasa. Nilizamisha pikapu, vipovu vidogo vikapanda, tukangoja mpaka vikaisha. Tukachovya rubugo. Akaikunja mwenyewe, mara mbili upande wa nyuzi nyembamba, akaifunga kwa kamba ya mgomba, fundo lile lile. Mimi nikalehemu nyaya na kufunga skrubu.

Nilikuwa nimebeba ampilifaya ya kibandani. Nikaipandisha hadi pale paka alipokuwa akilia. Hakulia.

Mjomba alivua koti. Alikaa kwenye kile kiti chake cha chini, akaliweka gitaa pajani, akavuta noti moja tu ya uzi wa pili. Kijiko na bilauri. Akaiacha ikafa yenyewe. Akavuta nyingine. Halafu akaanza ule wimbo wa kujitambulisha, mwanzoni vidole vinakosea kwa kukaa muda mrefu, anarudia, anaguna, anarudia, kisha vikashika njia. Yule mzee wa kutazama migomba sikumwona tena.

Ma Yustina alikuwa ameshakaa kwenye beseni lake. Kisu kilisimama. Alisikiliza bila kugeuka, ametupa mgongo, nikaona shingo yake imelegea.

"Huyo sasa namjua," alisema, na akaendelea kumenya, na kisu kikafuata wimbo.

Ndipo nikatafuna kahawa.

Watu wa kinanda wameambiwa waje kula tu. Nimerudi na senene wa kukaanga kilo nzima, ndizi mkungu mmoja, na kitu kingine ambacho nimekigundua hapa nyumbani nilipofungua sanduku langu la vifaa kutoa koleo. Mjomba alikichomeka chini kabisa, bila kuniambia. Ni kipande cha rubugo kilichobaki, kimelowekwa nta, kimekunjwa, kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

Nimecheka peke yangu chumbani. Nimekirudisha pale pale, chini, mahali pa giza.

Kesho nafungua kibanda saa mbili kama kawaida. Nina redio tatu na spika ya kwaya, na nitaanza kwa kuwauliza wenyewe maswali mpaka wanichoke. Kuuliza si ujinga, tuliimbishwa hivyo tangu darasa la kwanza. Na fundi atakayelirithi sanduku langu siku moja, naomba sana, kabla hajatafuta mafuta ya taa, awaulize wanaonijua.